Theluji kwa Mvua, Barafu kwa Maji: Uhakiki wa Fasili za Maneno Mawili kwa Kigezo cha Msomaji wa Bweranyange

Katika vilima vya Bweranyange, yalipokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, maji hayagandi yenyewe. Eneo hilo lipo kati ya nyuzi 1 na 2 kusini mwa Ikweta, na ingawa mwinuko wake hulipa asubuhi za baridi, hasa mwezi Juni na Julai, baridi hiyo haifikii kiwango cha kulifanya dimbwi kuwa gumu. Maji yaliyoganda humfikia mkazi wa huko kwa njia mbili. Ya kwanza ni jokofu, zinamotoka barafu za ubuyu na za maziwa ambazo watoto hununua dukani. Ya pili ni wingu: mvua ya mawe hushuka kwa ghafla, ikachana majani ya migomba, ikapukutisha maua ya mibuni na kulaza maharage, kisha ikayeyuka kabla hasara haijahesabiwa. Neno la tatu, theluji, halimfikii kwa mkono wala kwa jicho. Humfikia kwa maandishi: kitabu cha jiografia, Biblia, kamusi.

Hali hiyo ndiyo inayoipa Bweranyange nafasi katika uhakiki huu. Msomaji wa Moshi akiitilia shaka fasili ya theluji huweza kuinua macho akautazama mlima. Mswahili anayeishi Oslo au Toronto huweza kufungua dirisha mwezi Januari. Msomaji wa Bweranyange ana fasili peke yake. Fasili ikiwa na kasoro, hana shahidi wa pili wa kuisahihisha, na atakuwa nayo kasoro hiyo katika mtihani, katika sala na katika mjadala wa tabianchi. Fasili ya neno la kitu kisichoonekana inapaswa kupimwa kwa msomaji wa aina hiyo, wala si kwa yule ambaye tayari anajua kinachozungumzwa.

Njia iliyozoeleka ya kuyatofautisha maneno haya mawili ni ya umbo. Barafu husemwa kuwa ni maji yaliyoganda yakawa magumu na angavu; theluji husemwa kuwa ni barafu laini, nyeupe, nyepesi kama pamba. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kigezo hicho, ijapokuwa hakisemi uongo, kimeshika mahali pasipo pake. Matumizi ya wasemaji wenyewe yanaonyesha kwamba theluji huhusiana na barafu kama mvua inavyohusiana na maji. Neno moja hutaja tukio la angani na kile linachokiacha juu ya ardhi. Jingine hutaja hali ya maji, bila kujali ni nani au ni nini kilichoyagandisha.

Asili mbili, maana moja

Etimolojia haisaidii sana kutenganisha maneno haya. Kinyume chake, inaonyesha jinsi Kiswahili kilivyofanya kazi yake chenyewe. Barafu lina mizizi katika neno la Kiajemi barf, ambalo huko maana yake ni theluji. Kwa barafu ngumu Kiajemi kina neno jingine, yakh. Neno barf lilipoingia katika lugha za India likawa baraf, likabeba yote mawili: kile kinacholala juu ya Himalaya na kile kinachotiwa katika bilauri. Theluji nalo limetokana na Kiarabu thalj. Maana yake ya msingi ni ileile, lakini katika mazungumzo ya nchi nyingi za Kiarabu, zikiwemo zile za Ghuba, thalj ndiyo pia inayotiwa katika kinywaji. Kwa hiyo kila moja ya lugha zilizotukopesha ilikuwa na neno la theluji lenye uwezo wa kumeza barafu, au lililokwisha kuimeza.

Kiswahili kilipoyapokea yote mawili hakikuyaacha yawe visawe. Barafu lilishika kitu kinachoshikwa, kinachonunuliwa na kupasuliwa; theluji likabaki na kile kinachosomwa na kutazamwa kwa mbali. Mgawanyo huu haukutoka Uajemi wala Uarabuni. Hata neno la Kiarabu la barafu ngumu, jalid, lilipoingia kama jalidi halikushindania nafasi ya barafu. Lilipewa chumba kidogo cha pembeni, cha baridi kali na sakitu, na wasemaji wengi wa leo hawalitumii kabisa. Mtafiti anayetaka kujua tofauti ya barafu na theluji kwa kurejea lugha za asili atarudi mikono mitupu, na hilo si hasara: linamrudisha kwa wasemaji.

Kamusi za lugha mbili hazikuhitaji kulishughulikia suala hili. Kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mwaka 1939, iliyotolewa chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kwa kazi iliyoanzwa na Frederick Johnson, ilikuwa na msomaji aliyezaliwa penye majira ya baridi. Ilitosha kumpa kisawe kwa kila kidahizo, naye akajaza mengine kwa kumbukumbu za utoto wake. Tatizo lilizaliwa pale utaratibu huo ulipohamia katika ufundishaji wa Kiswahili kwa Kiswahili, ambako kisawe cha Kiingereza hakipo tena na kumbukumbu ya utoto ni ya ubuyu uliogandishwa. Hapo ndipo theluji ilipolazimika kuelezwa, na neno lililokuwa karibu zaidi la kuielezea lilikuwa barafu.

Kigezo cha umbo na majaribio yanayokishinda

Kama tofauti ingekuwa ya umbo, basi kitu kingebadili jina pale kinapobadili umbo. Majaribio mawili, yote ya maisha ya kawaida katika Kagera, yanatosha kuonyesha kwamba hakibadili.

La kwanza ni la ziwani. Boti zinazokusanya sangara katika Ziwa Viktoria hubeba barafu ili samaki wafike kiwandani wakiwa wazima. Barafu hiyo hupondwa. Ikiisha kupondwa huwa nyeupe, ya punje, huchotwa kwa koleo na kumwagwa juu ya samaki hata wakafunikwa. Kwa umbo, rangi na jinsi inavyolala, kitu hicho kiko karibu zaidi na theluji ya picha za vitabuni kuliko na bonge lililotoka kiwandani. Hata hivyo hakuna mvuvi wala mchuuzi aiitaye theluji. Ni barafu iliyopondwa, na ingepondwa mara kumi zaidi ingebaki barafu.

La pili ni la ndani ya jokofu. Kuta za jokofu la kizamani huota utando mweupe, laini, unaokwanguka kwa kucha. Utando huo haukutokana na maji yaliyomwagika yakaganda. Umetokana na mvuke uliomo hewani uliogusa ubaridi na kuganda papo hapo. Kisayansi ndiyo njia ileile inayojenga chembe za theluji mawinguni. Hapa basi umbo linafanana na la theluji, na hata namna ya kuzaliwa inafanana. Lakini msemaji husema jokofu limejaa barafu, akalizima ili barafu iyeyuke. Kilichokosekana ni kimoja: utando haukuanguka kutoka juu.

Majaribio haya yanakielekeza kigezo mahali pengine. Jambo linaloipa theluji jina lake ni kushuka kwake kutoka angani. Ulaini na weupe ni sifa zinazofuatana nalo mara nyingi, kama vile ubaridi unavyofuatana na mvua, lakini hakuna anayeifasili mvua kuwa ni maji baridi. Maji yaliyokingwa kutoka mgongo wa bati ni mvua yanapoanguka; yakiisha kutulia katika pipa huwa maji, au kwa usahihi zaidi maji ya mvua. Vivyo hivyo theluji. Inaposhuka ni theluji, na inapolala juu ya paa au mteremko ikiwa bado na alama ya kushuka kwake, ni theluji. Ikishindiliwa miaka hata ikawa jiwe la samawati, imekuwa barafu, kwa sababu tukio limesahauliwa na hali ya maji ndiyo iliyobaki.

Sarufi inaunga mkono usomaji huu. Maneno yote mawili yamo katika ngeli moja, lakini hayatendi sawa. Barafu huhesabika: mtoto hununua barafu tatu, akampa mdogo wake moja. Theluji haihesabiki kwa namna hiyo. Atakayetaka kuihesabu atahitaji neno la kati, chembe au tabaka, kama vile mvua inavyohitaji tone. Vitenzi navyo vimejipanga pande mbili. Barafu huganda, hugandishwa, hupasuliwa, hupondwa, huuzwa. Theluji huanguka, hufunika, hutanda. Na Waswahili waishio nchi za baridi husikika wakisema theluji inanyesha, matumizi ambayo mwalimu mkali angeyasahihisha ingawa yanafichua uwanja halisi wa neno lenyewe. Kitenzi kunyesha hakikubali barafu isipokuwa barafu iazime umbo la mvua.

Hapo pana kikwazo kwa hoja, nacho kinastahili kukabiliwa. Magazeti na wasemaji wengi husema mvua ya barafu mahali pa mvua ya mawe. Je, barafu nayo haikushuka? Imeshuka, lakini muundo wa kirai ndio unaojibu. Kiini cha kirai ni mvua. Barafu ni kijalizo kinachoeleza mvua hiyo imeundwa kwa nini, sawa na mawe katika kirai cha zamani. Barafu peke yake haijapata uwezo wa kutaja tukio, na ndiyo maana imehitaji kubebwa na mvua. Theluji haihitaji kubebwa. Kirai mvua ya theluji kikitumiwa, sehemu yake ya kwanza haiongezi habari ambayo neno theluji halikuwa nayo.

Ushahidi wa matini zilizofasiriwa

Theluji ya Kiswahili imeishi zaidi katika matini za kidini kuliko mahali pengine popote, na matini hizo zinastahili kusomwa kama ushahidi wa kileksika. Katika Biblia ya Tafsiri ya Muungano, iliyotoka nzima mwaka 1952, theluji inajulikana zaidi kwa weupe: Isaya 1:18 na Zaburi 51:7 zote huitumia kuwa kipimo cha usafi wa aliyesamehewa. Ni matumizi yenye nguvu, lakini ndiyo yaliyochangia kuifanya rangi ionekane kuwa kiini cha maana. Msikilizaji asiyeijua theluji huijua kwanza kama kipeo cha weupe, na fasili za umbo humthibitishia alichokwisha kukisikia kanisani.

Sura yenye manufaa zaidi ni Ayubu 38, ambayo haisomwi sana kwa jicho la leksikografia. Humo, katika mistari michache, wafasiri walilazimika kutaja karibu kila namna ya maji ya angani. Theluji imepangwa pamoja na mvua ya mawe, zote mbili zikiwa zimewekwa katika ghala. Baadaye, baada ya mvua na umande, inaulizwa asili ya barafu na ya sakitu, na mstari unaofuata unazungumzia maji kuwa magumu kama jiwe. Mpangilio huo unakaribia sana mgawanyo unaotetewa hapa: theluji imewekwa na vinavyorushwa kutoka juu, barafu imewekwa karibu na maji yanayobadili hali. Ni kweli kwamba mpangilio ni wa Kiebrania, na sifa ya wafasiri si kuubuni. Sifa yao ni kwamba walikuwa na maneno ya kutosha na hawakuyakunja kuwa moja. Sakitu, hasa, ni neno ambalo wasomaji wengi hulipita bila kulielewa, lakini bila hilo wafasiri wangelazimika kuitaja barafu mara mbili.

Upande wa Waislamu upo mfano wa namna hiyo. Katika dua ya ufunguzi wa sala iliyopokewa na Abu Huraira, na kuhifadhiwa katika mikusanyo ya Bukhari na Muslim, mwombaji huomba aoshwe makosa yake kwa maji, thalj na barad. Neno la tatu ni mvua ya mawe. Mizizi yake ndiyo iliyotupa baridi. Mfasiri akiweka barafu mahali pa barad hapotezi ubaridi wala ugumu, lakini hupoteza anga. Vitu vitatu vya dua vyote ni maji yashukayo, safi kwa sababu hayajaguswa na mkono wa mtu. Barafu, kwa msikilizaji wa Bukoba au Unguja, ni kitu kilichotoka katika mashine na kupita mikononi mwa watu. Hapa kasoro ya kileksika inagusa maana ya ibada, si mapambo yake.

Kuna maana ambazo theluji haizibebi hata kidogo. Msemaji wa Kiswahili humwita mpenzi wake barafu wa moyo, akakipa kirai upatanisho wa mtu: barafu ni kinachotuliza kinachochoma. Katika nchi za joto ugumu na ubaridi wake havikumaanisha ukatili, vilimaanisha nafuu. Theluji wa moyo haisemwi, wala haihitaji kukatazwa. Haina mkono wa kumgusa mtu. Anayefasiri riwaya ya Kizungu yenye moyo wa barafu, akaupeleka neno kwa neno, atakuwa amemsifu mhusika aliyekusudia kumlaani.

Baridi, fedha na chumvi

Karne ya 19 ilitoa majaribio ya kweli ya namna mtu asiye na neno anavyokitaja kitu hiki. Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro, na kiongozi wake, mtu wa pwani, akaueleza kwa neno moja: baridi. Pwani palikuwa na habari pia kwamba weupe huo ni fedha. Mwaka 1888 ujumbe wa Henry Morton Stanley ulipofika karibu na Rwenzori, aliyemwonyesha Stanley mlima huo alikuwa kijana, na mlima wenyewe ulisemekana kuwa umefunikwa na chumvi. London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikana habari ya Rebmann kwa miaka mingi, akiwa hana shida yoyote ya msamiati.

Majibu haya kwa kawaida husomwa kuwa ushahidi wa upungufu wa lugha. Yakisomwa kwa makini yanatofautiana. Fedha na chumvi ni majibu ya umbo: kitu cheupe kinachong'aa kimelinganishwa na vitu vyeupe vinavyojulikana. Ndiyo majibu yaliyokosea. Baridi ni jibu la uwanja wa maana: kiongozi hakusema kitu kile kinafanana na nini, alisema ni cha jamii gani, na jamii aliyoitaja, ya hali ya hewa, ndiyo sahihi. Rebmann aliliona jibu hilo kuwa pungufu. Mwanaleksikografia anapaswa kuliona kuwa fasili iliyoanza vizuri ikaishia njiani.

Karagwe haikuwa mbali na mazungumzo hayo. Kafuro, karibu na Bweranyange, palikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kabla John Hanning Speke na James Augustus Grant hawajafika kwa Mfalme Rumanyika mwezi Novemba 1861. Akiwa Karagwe, Speke aliona kwa mbali, upande wa magharibi, vilele vya Mfumbiro, ambavyo leo ni sehemu ya Virunga. Mrefu kuliko yote katika safu hiyo, Karisimbi, una mita 4,507, na jina lake huhusishwa na isimbi, kauri nyeupe, kwa ajili ya weupe unaoonekana mara kwa mara kileleni. Katika Kinyarwanda weupe huo umeingia katika jina la mlima. Katika Kiluganda neno omuzira hutumika kwa mvua ya mawe, na hunyooshwa hadi kwa theluji na barafu, likifuata njia ya tukio kuelekea kwenye hali. Mwaka 1889 ujumbe wa Stanley, pamoja na wapagazi wake wa Unguja waliokwisha kupita chini ya Rwenzori, ulikatiza Karagwe ukielekea pwani. Theluji ilikuwa katika upeo wa macho ya Bweranyange, au katika kumbukumbu za wapita njia wake, kabla haijakuwa katika vitabu vya shule.

Kinachopotea juu ya Kibo

Mahali ambapo kuchanganya maneno haya kuna gharama kubwa kuliko pote ni Kilimanjaro. Kirai theluji ya Kilimanjaro kimezoeleka mno, kikisaidiwa na umaarufu wa hadithi ya Ernest Hemingway ya mwaka 1936, kiasi kwamba karibu kila habari ya mabadiliko ya tabianchi nchini Tanzania hueleza kwamba theluji hiyo inayeyuka. Sentensi hiyo ina kasoro katika nomino, na nyingine katika kitenzi.

Kilichopimwa na wanasayansi kuwa kinapungua ni barafu. Mwaka 1912 ilifunika takribani kilomita za mraba 11.4, mwaka 2011 ilikuwa imebaki takribani kilomita za mraba 1.76. Hiyo ni barafu ya kale, iliyoshindiliwa, ile ambayo vitabu vya jiografia huiita barafuto au mto wa barafu. Theluji ni jambo jingine. Huanguka juu ya Kibo katika misimu ya mvua, hukaa siku au wiki kadhaa, kisha huondoka, kama ilivyofanya kabla ya 1912. Baada ya mvua nyingi, mkazi wa Moshi huweza kuuona mlima umekuwa mweupe kuliko alivyowahi kuuona. Akiwa ameambiwa kwamba theluji inakwisha, ana haki ya kusema kwamba ameambiwa uongo, maana theluji ameiona kwa macho yake imerudi. Wanasayansi hawakumdanganya, neno ndilo lililomdanganya.

Kitenzi nacho hakifai chote. Barafu ya Kibo haipotei kwa kuyeyuka pekee. Katika hewa kavu na ya juu, sehemu kubwa yake hugeuka mvuke moja kwa moja bila kupita katika hali ya maji. Na sababu mojawapo inayotajwa na watafiti ni ukavu: theluji inayoanguka haitoshi kuilisha barafu wala kuifunika isipigwe na jua. Maelezo hayo yakiandikwa kwa Kiswahili yatasema kwamba barafu inapungua kwa kuwa theluji ni haba. Kwa msomaji aliyefundishwa kwamba theluji ni barafu nyeupe, sentensi hiyo haina maana. Inamwambia kwamba kitu kinapungua kwa kuwa kitu hichohicho kinapungua. Kwa aliyefundishwa kwamba theluji ni ndugu wa mvua, inaeleweka mara moja, kwa sababu kila mkulima wa Karagwe anajua kisima hupungua kwa kuwa mvua ni haba.

Ajabu ni kwamba mlimani kwenyewe jina limewekwa sawasawa. Kambi ya mwisho kabla ya kilele cha Uhuru katika njia ya Machame, iliyo zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, huitwa Barafu. Haikuitwa Theluji. Wapagazi na waongozaji walio miguuni pa barafu hiyo wamelishika neno la hali ya kudumu, huku waandishi walio mbali wakishika neno la tukio.

Fasili inayowezekana

Kutokana na hayo, barafu inaweza kufasiliwa kwa ufupi kuwa maji yaliyoganda yakawa magumu, na hapo pakaishia. Haihitaji rangi wala mng'ao, kwa kuwa barafu iliyopondwa ni nyeupe na barafu ya bilaurini ni angavu, na zote ni barafu. Theluji inapaswa kuanza na anga: mvuke ulioganda mawinguni na kuanguka ukiwa chembe nyepesi, mahali ambapo baridi haikuruhusu mvua, pia tabaka la chembe hizo juu ya ardhi. Weupe unaweza kutajwa mwishoni, kama taarifa. Neno barafu halimo katika fasili hii, na kutokuwamo kwake ndiyo faida yake kubwa. Mtoto wa Bweranyange akiisoma hatazamia barafu za ubuyu zikimwangukia kichwani. Ataanza na mvua, ambayo anaijua kwa masika na vuli, kwa harufu yake juu ya vumbi na kwa mlio wake juu ya bati, kisha atahitaji kubadilisha kitu kimoja tu.

Fasili hiyo haimalizi kila kitu. Mvua ya mawe inabaki na utata wake, kwa kuwa ni tukio kama theluji lakini punje zake zikiokotwa huwa barafu mara moja mkononi mwa aliyeziokota, na wasemaji huvuka mpaka huo bila kusita. Sakitu ni tatizo la namna nyingine. Haianguki, bali huota juu ya majani usiku, kama umande uliokosea hali, na kwa hiyo inakaa kati ya nyanja mbili. Wakulima wa Makete na Njombe, ambao viazi vyao huunguzwa na kitu hicho katika miezi ya baridi, wana uzoefu nacho ambao Karagwe haina, na msamiati wanaoutumia kukitaja, kwa Kikinga, Kibena na Kiswahili chao, bado haujapata uzito unaostahili katika kamusi za Kiswahili.